Muhuri wa Wasifu wa Baba

Siku hizi wasifu wa marehemu hausomwi msibani kabla ya kupita kwenye kipimania, mashine ya kupima nia, na kila aya hurudi na muhuri wa lengo la mwandishi. Wa baba yangu uliandikwa na mdogo wake, Baba Mdogo Rwechungura. Mimi nitausoma kesho makaburini, hivyo niliupitisha mwenyewe.

Aya ya kuzaliwa: kuarifu. Aya ya kazi: kusifu. Sikushangaa, nani amewahi kuzikwa akiitwa mvivu?

Kisha ikaja aya ya kifo: “Aliugua ghafla akiwa kazini, akatutoka kwa amani.” Muhuri ukasema: kumlinda aliye hai.

“Mashine hizo zinababaika tu, mwanangu,” alisema Baba Mdogo. “Futa hiyo ‘kwa amani.’”

Nikafuta. Muhuri haukubadilika. Nikafuta “ghafla.” Wapi! Nilipofuta “akiwa kazini,” ukageuka: kuarifu.

Basi Baba hakuugulia kazini; aliugulia nyumbani.

“Baba Mdogo, unamlinda nani?”

Alimtazama Mama, aliyekuwa akichambua mchele wa waombolezaji. Mama alinisikia vizuri, lakini hakuinua uso kusubiri jina, kama anayelijua tayari.