Sikio la Upande wa Pili

"Ukilishika hilo sikio, tumekwisha," Kulthumu alimnong'oneza mwanawe Riziki. "Mukono ukifika juu ya kichwa, uuache hapo hapo. Umesikia?"

"Ndiyo, mama."

Walikuwa kwenye foleni ya zahanati ya kiwanda cha mawese, Rumonge, mwaka mmoja baada ya Uhuru. Karte, kadi ya matibabu ya kiwanda aliyopewa mumewe Kulthumu ilitibu mke na watoto, basi. Upande wa watoto alikuwepo mganga Hyacinthe, aliyekijua kifua cha Riziki tangu pumu ilipoanza, na dawa yake alikuwa nayo. Upande wa wakubwa kulikuwa na kwinini. Ukiumwa jino, kwinini. Ukivunjika mguu, kwinini.

Sasa nani mtoto, nani mkubwa? Vyeti vya kuzaliwa havikuwepo, kwa hiyo karani Sylvestre aliazima kipimo cha shuleni: pitisha mkono juu ya kichwa, ushike sikio la upande wa pili. Ukilifikia, wewe mkubwa. Sheria ni sheria, na Sylvestre aliipenda kuliko chakula.

Riziki aliinama mlangoni, akaingia kifua kikimlia. Amissi mdogo alimfuata nyuma, kamshika shati.

"Amahoro, patron," Kulthumu alisalimu.

"Amahoro, mama. Huyu tena?"

"Iko anagonjwa sana."

"Inchi nzima imekuwa kubwa, yeye bado?"

"Inchi ikuwe yenyewe. Huyu iko mutoto wangu."

"Haya, mukono!"

Riziki akaupitisha. Kiwiko kikakakamaa, vidole vikafika juu ya nywele, vikagoma kuendelea. Sylvestre aliutazama mkono, akakitazama kidevu chenye ndevu, akaurudia mkono. Sheria haikusema lolote juu ya kidevu.

"Mutoto," akaandika.

Alhamdulillahi! Kulthumu nusura apige vigelegele. Kwa furaha yake alisahau kwamba Amissi hakufundishwa. Naye Amissi, akidhani ni mchezo, alirusha mkono juu ya kichwa, akalikamata sikio na kulivuta kwa nguvu.

"Mukubwa," Sylvestre akaandika.

"Si neno, huyo haumwi kitu," Kulthumu alisema haraka. "Acha nimupeleke Riziki kwa muganga."

"Pole, mama. Mutoto anaingia na mukubwa. Na wewe sijakupima."

Kulthumu alicheka, akainua mkono. Lakini bega lake lilikuwa limetwanga mawese miaka mingi, likakwama katikati ya safari. Akajaribu tena, akiguna. Wapi!

"Mutoto," Sylvestre akaandika, bila kucheka.

Akafunga daftari, akasimama, akamwinamia Amissi kwa heshima zote.

"Hapa mukubwa iko moja tu. Bwana Amissi, mushike baba yako Riziki mukono, umupeleke kwa watoto."