Boti ya Saa Kumi

Mfupa ulilia kama kijiti kikavu kinachovunjika. Stathis akaporomoka pamoja na mawe hadi chini ya korongo, akakwama kwenye vichaka vya miiba. Mkewe, Argiro, akamfuata akishikilia mizizi, magoti yakichubuka.

"Usiniguse!" Stathis alipiga ukelele. "Mguu umevunjika, huoni? Au na macho nayo yameshaacha kazi?"

Argiro alimvua kiatu taratibu. Kifundo kilikuwa kimeanza kuvimba. Aliinua uso: kuta za mawe pande zote, mbuzi wawili wakiwachungulia kutoka juu, na upande wa kusini mbingu imeshakuwa nyeusi.

Walikuja kisiwani kwetu kwa wiki moja, kutembea na kuogelea. Upande huu hakuna nyumba hata moja. Asubuhi Pantelis aliwashusha kwa boti yake kwenye ufuo wa Mavrolithi, akawaambia atawafuata saa kumi jioni. Kwa miguu, kijiji kiko mwendo wa saa tano, na baada ya Septemba njia hiyo hupitwa na mbuzi tu.

"Nipe simu yako," alisema Argiro. "Yangu imezimika. Nikifika juu huenda nikapata mtandao."

Stathis akamrushia. "Na ukimbie. Kwa mara ya kwanza maishani mwako, anza kitu ukimalize."

Maneno hayo Argiro aliyajua. Jana yake, wakila mchana mgahawani, Stathis aliyasema mbele ya Pantelis na wavuvi, bilauri ya pombe ya uzo mkononi. "Huyu mke wangu hamalizi kitu. Mimba tatu alianza, hata moja hakuimaliza." Wavuvi waliinamia sahani zao. Stathis alicheka peke yake, kisha akaagiza pweza mwingine.

Sasa alikuwa akitetemeka, jasho limemjaa juu ya mdomo.

"Argiro. Mpenzi. Usichelewe, eh?"

"Sichelewi."

Alipanda kwa mikono na miguu. Alianguka mara mbili; mara ya pili kiganja kilichanika, akakifuta kwenye suruali na kuendelea. Kifua kilimuwaka. Juu ya kilima simu ilitetemeka mkononi, jumbe zikaingia mfululizo. Aliitazama saa tu: kumi kasoro dakika tano.

Chini ufuoni boti nyeupe ilikuwa imefika zamani. Pantelis, akiikodolea macho mbingu, alikuwa ameanza kufungua kamba.

"Pantelis!" Argiro alipiga kelele mpaka sauti ikakatika. "Ningoje! Nakuomba, ningoje!"

Akateremka mbio, machozi yakimziba macho, akaukata ufuo, akaingia majini na viatu vyake.

Pantelis alimpa mkono, akamvuta ndani. "Polepole, bibie! Mbona damu hivi?"

"Nimeanguka njiani."

"Una bahati umeniwahi. Ningeondoka sasa hivi, hii bahari haina mchezo leo. Na ndiyo safari ya mwisho. Kesho naipandisha boti nchi kavu, huku harudi mtu mpaka Pasaka." Aliitazama njia ya kilimani, kisha akamgeukia. "Bwana yuko wapi?"

Argiro aliketi kwenye ubao. Akavua kiatu kimoja, akamwaga maji, akavua cha pili.

"Alikasirika, akarudi kijijini kwa miguu tangu asubuhi," alisema. "Atakuwa ameshafika. Washa mashine, baba, twende."