Ufunguo Uko Makaburini

Constant Balagizi aligonga geti mara ya saba, safari hii kwa kiatu. Kiatu chenyewe kilikuwa cheupe, kimenunuliwa Liège, huko Ulaya, kwa ajili ya likizo, na sasa kilikuwa na doa jeusi puani.

Kidirisha cha geti kikafunguka, uso wa mlinzi ukachungulia.

"Papa, utavunja mulango ya watu bure," alisema mzee Havugimana. "Mimi nachunga kiwanja tu. Ufunguo ya nyumba iko na mama Joviale, na mama Joviale iko ku makaburi."

"Amefiwa?"

Mlinzi alimtazama kwa huruma. "Leo ni tarehe moja Agosti, papa."

Constant akajishika kichwa. Siku ya wazazi. Kila mtoto wa Kongo anajua kwamba asubuhi ya tarehe hiyo watu huenda kufyeka na kuosha makaburi ya wazazi wao, na mchana hula pamoja na wale walio hai. Yeye aliikodi nyumba ile ya mtaa wa Himbi miezi minne kabla, akauliza habari za mvua, akauliza habari za mbu, akasahau kalenda ya kwao. Lakini angekumbuka vipi, mtu aliyeomba viza ili aingie nchi aliyozaliwa? Mwacha asili ni mtumwa, na mtumwa huyu alisimama juani na valizi la nguo lenye gurudumu moja. Gurudumu la pili lilikuwa limebaki kwenye mawe ya volkano huko nyuma.

Kilichomuuma zaidi ni programu. Constant hakuwa mtu wa kwenda likizo bila programu, na hii alikuwa ameichapa kabisa. Siku ya kwanza: kuoga na kulala. Ya pili: ziwa. Ya tatu: sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wa kukaanga. Ya nne: binamu Fortunat, aliyesimamia mazishi, afike kwa boti kutoka Bukavu amwonyeshe kaburi la baba, mzee Aloys, saa nne hadi saa tano. Ya tano: ziwa tena. Miaka sita tangu mazishi ambayo hakuhudhuria, na baba alipewa saa moja. Constant aliona aibu kila alipousoma mstari huo, ndiyo maana aliusoma upesi.

Na sasa hata kuoga kumeshindikana, naye alikuwa na jasho la safari ya siku mbili. Akamwachia mlinzi valizi, akapanda pikipiki kuufuata ufunguo.

Makaburini watu walijaa kama sokoni, na mapanga yao, ndoo zao na soda zao. Constant hakuhitaji kumtafuta mtu. Mama mmoja wa makamo, kitenge kimefungwa kiunoni, alimwita kutoka mbali kwa jina hilo moja tu ambalo mtandao wa kukodi nyumba ulikuwa umempa.

"Papa Constant! Nikaona viatu, nikajua ni mugeni wangu."

"Mama Joviale, naomba ufunguo tu."

"Ufunguo iko hapa, papa, lakini mikono iko na udongo. Na lazima kwanza niandike jina yako yote ku karatasi ya mwenye nyumba. Ya mama yangu nimesha maliza. Imebakia hii ya jirani. Unisaidie, tuende pamoja."

Kaburi la jirani lilikuwa kichaka, na msalaba wake ulikuwa mweusi kwa vumbi kama sufuria ya makaa. Joviale akamkabidhi panga. Constant alifyeka kidogo, akajikata soksi, akakaa. Bibi mmoja aliyekuwa akisafisha kaburi la pili akamuuliza kama alikuwa mgonjwa.

"Kwani huyu hana watoto?" alisema Constant, akihema.

"Nasikia wako Ulaya. Sijawaona hata siku moja. Kila mwaka namusafisha mimi, juu hawezi kulala na uchafu karibu ya mama yangu."

Hapo Constant akapata nguvu. Hakuna kinachomwamsha mtu mvivu kama kosa la mwenzake. Alifyeka huku akihubiri: watoto gani hawa, mzee anauza ng'ombe ili wasome, halafu wao wanamwachia mama wa watu hata majani ya kaburi lake! Watu wa makaburi ya jirani walitikisa vichwa wakikubali. Alijisikia vizuri kwa mara ya kwanza tangu avuke mpaka. Yeye angalau alikuwa na saa nne hadi saa tano.

"Siku nikimkuta hata mmoja wao," alisema, akitupa fungu la mwisho la majani, "nitamwambia usoni."

"Ukimukuta, papa, umwambie," alisema Joviale, akinawa mikono. "Lete pasipoti, niandike."

Alimpa. Joviale aliitandaza karatasi juu ya goti, akanakili herufi moja moja kama mwanafunzi. Aliandika Constant. Kisha kalamu ikasimama.

Aliitazama pasipoti, akamtazama mgeni wake. Alichovya kitambaa kwenye ndoo, akausugua msalaba taratibu, kutoka kushoto kwenda kulia, mpaka herufi zote zikatoka: BALAGIZI ALOYS.

"Basi umemukuta, papa," alisema. "Mwambie."