Mgeni wa Nne

Walioalikwa kuzungumza na wasichana wa shule walikuwa watatu, lakini wanawake waliokaa jukwaani walikuwa wanne.

Yosefina Bria hakupanda kwa kupenda. Alikuwa amechelewa. Aliingia ukumbini akihema, blauzi yake nyeupe na sketi ya buluu zimenyooka kwa pasi ya mkaa, na Mwalimu Anselmus, aliyehamia shule ile ya mjini Atambua jana yake tu, akamdaka mkono.

"Karibu, Mama! Tulikuwa tunakusubiri wewe tu!"

Kabla hajafungua kinywa, ana chupa ya maji mkononi na kiti chini yake. Kwenye safu za nyuma wasichana wakaanza kucheka. Yosefina alitaka kushuka. Kisha akamkumbuka shemeji yake asubuhi ile, alivyojaa mlangoni: "Mama mzima wewe! Nani atawapikia watoto? Utachekwa mchana kweupe!"

"Na wacheke," alimjibu. "Watachoka."

Akajiweka sawa kitini.

Alianza daktari wa meno, akafuata hakimu. Wa tatu alikuwa Mama Hendrika, nahodha wa kivuko, mwanamke mpana mwenye sauti ya honi.

"Mimi waliniambia meli haimtii mwanamke. Huu mwaka wa kumi na moja naivusha, haijaniuliza hata siku moja!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Kipaza sauti kikafika kwa Yosefina. Akakipokea, akasimama.

"Mimi sina habari za meli," alisema. "Shule ya msingi nilimaliza nikiwa wa kwanza. Baba akasema inatosha, sasa zamu ya kaka yako. Nikalia, halafu nikanyamaza. Kulia sijutii. Najutia kule kunyamaza."

Sauti ikapanda yenyewe.

"Basi nyie msinyamaze! Atakayewaambia wakati wenu umepita, mwacheni hapo hapo na saa yake. Akiwafungia mlango, rudini kesho. Rudini na keshokutwa. Akiwauliza hamwoni haya, mwambieni haya zote mmemwachia yeye!"

Safu za nyuma hazikucheka tena. Zilisimama. Makofi yakapigwa, na viti vikapigwa, mpaka mabati yakaitikia.

Nahodha alimvuta Yosefina karibu. "Ungeanza wewe, dada. Sisi tumewapotezea muda watoto wa watu."

Mwalimu Anselmus alikuja na kitabu cha wageni, machozi yanamlengalenga.

"Umenigusa, Mama. Andika jina lako hapa. Ila nisamehe, sikuambiwa unatoka ofisi gani."

"Kidato cha kwanza B, Mwalimu," akajibu Yosefina.