Fungua Mdomo

Mashavu alitema kwenye kikombe, akaona damu, wala hakushtuka. Siku hizi mswaki wake ulitoka mwekundu kila asubuhi.

Daktari wa meno, mama wa makamo, alizigusa fizi zake taratibu. “Zimevimba, mwanangu. Unalala?”

“Nalala wapi, daktari? Namuuguza mume wangu, kapooza. Usiku kucha ananiita.”

“Ndugu zake je?”

“Wanakuja. Wanakunywa chai, wananiambia nijikaze.”

“Nawe unajikaza.”

“Nauma meno tu. Nifanyeje?”

“Basi ndiyo hayo unayoyauma yanayoziumiza fizi. Mwili ukichoka hivi, hata fizi haziponi. Dawa nitakupa, lakini peke yake haitatosha.” Akainua kioo chake kidogo chenye mpini mrefu. “Haya, fungua mdomo.”

Mashavu akafungua. Alikusudia kutulia, lakini sauti ikamtoka: “Nimechoka. Kuna siku naomba asiamke.”

Akajiziba mdomo kwa kanga. Daktari hakumwambia ajikaze. Aliishusha ile kanga polepole, akakisogeza kioo mbele ya midomo ya Mashavu, akangoja. Kioo kikaanza kuingia ukungu wa pumzi zake.