Vidole vya Mzee Lugendo

Mzee Lugendo hakuwa na macho ila ya mbwa wake, Watachoka, aliyemwongoza kila aendako. Asubuhi hiyo mbwa aligoma kula, akajilaza kama gunia tupu.

"Amerogwa huyo," alisema jirani yake, Bi Nyamizi. "Hata mfupa hajaugusa!"

"Wachawi nao wana shughuli zao, shemeji," mzee alimjibu.

Mzee akamvuta mbwa mapajani, akaanza kumpapasa masikioni, kisha kwapani, taratibu kama mama anayemfumua mwanawe nywele. Alipofika katikati ya vidole vya mguu akatulia. "Huyu hapa. Kupe."

"Ngoja nilete mafuta ya taa tummwagie."

"Usithubutu! Atamtapikia uchafu wake humo humo ndani."

Akachukua kibanio cha kutolea miiba, akambana kupe karibu kabisa na ngozi, akamvuta polepole hadi akatoka mzima na kichwa chake. Bi Nyamizi alisahau kufumba mdomo. Wenye macho wangapi wanatazama namna hii?

Kisha mzee akaufunua mdomo wa mbwa. "Nitazamie ufizi. Una rangi gani?"

"Mweupe, mzee. Mweupe kama ugali."

Sauti ya mzee ikashuka. "Basi damu inamwisha. Twende kwa daktari wa mifugo, kabla hajaniacha gizani."

Akambeba Watachoka mabegani. Bi Nyamizi akashika ncha ya fimbo ya mzee, akatangulia huku akimwomba Mungu. Kila alipogeuka, aliviona vidole vile bado vinatembea manyoyani, vikitafuta kupe wengine.