Birika la Vitanda Viwili

Daktari Zawena alilinyanyua birika kutoka chini ya kitanda na kulinusa. Ndani mlikuwa na dawa yake ya utafiti.

"Mama zangu, nani amemimina chupa zake humu?"

Bi Mwajabu na Bi Tunu, wagonjwa wa saratani waliolala vitanda jirani, walitazamana.

"Sote wawili," alisema Bi Tunu. "Kila asubuhi tunachanganya, tunagawana."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

Daktari aliliweka birika kwenye meza kati ya vitanda. "Lakini niliwaeleza! Nusu ya chupa zina dawa ya mizizi, nusu ni maji machungu tu. Hata mimi sijui nani anakunywa nini. Sasa nitajuaje kama dawa inafanya kazi? Watu wangapi wanasubiri jibu hilo?"

"Tulikuelewa vizuri, mwanangu," alisema Bi Mwajabu. "Ndiyo maana. Ningemezaje yangu, nikijua huenda mwenzangu anakunywa maji?"

Daktari alifungua daftari, akatafuta majina yao. Akiyafuta, kesho hawataletewa chupa tena. Wote watatu walilijua hilo.

Bi Mwajabu alivuta birika, akamimina dawa iliyobaki katika vikombe viwili. Akaviinua dirishani, akavilinganisha kwa jicho moja. Kisha akainamisha chake, akaongeza kidogo kwenye kile cha Bi Tunu.

Kalamu ya daktari ilikuwa bado juu ya majina yao, haijayagusa.